Take Control ndani ya gemu la Control: sikilizeni hiki kitu, ila msianzie YouTube

Aisee wadau wa gemu, wa Mbeya na wengine wote huko mliko, leo sigusi gemu zima maana Control ni la 2019 na wenye nalo mshalimaliza zamani, nagusa wimbo mmoja tu uliomo humo, Take Control, na nasema mapema kabisa sijawahi kuona gemu la risasi likitumia muziki vizuri hivi. Na mi sio mtu wa roki hata kidogo. Huku kwetu ukiweka roki kwenye sabufa jirani anakuuliza kama redio imeharibika.

Kwa ambao hawajalicheza, na najua mko wengi kwa sababu mabanda ya gemu pale Mwanjelwa ni mpira tu asubuhi mpaka usiku, nani alipie muda wa kufuatilia hadithi: wewe ni Jesse Faden, dada anayemtafuta kaka yake, unaingia kwenye jengo moja New York linaitwa Oldest House, ofisi ya siri ya serikali ya Marekani inayochunguza mambo yasiyoelezeka, unakuta wafanyakazi wameingiwa na kitu kinaitwa Hiss wananing'inia hewani wakinong'ona. Jengo lenyewe lina vyumba vinavyohama. Ukifika mbele huko kuna sehemu inaitwa Ashtray Maze, makorido ya mtindo wa hoteli ya zamani, na ukienda kichwa kichwa unazungushwa weee mpaka unajikuta ulipoanzia. Hupenyi mpaka uwe na redio ndogo ya kaseti ya mzee Ahti, mfagizi wa Kifini anayeongea mafumbo tupu (huyu mzee ndo anaijua nyumba kuliko mabosi wote, kama kawaida ya wafagizi).

Sasa Jesse akivaa hedifoni gitaa linaingia, na hapo ndo shughuli. Ukuta uliokuwa umekuziba unajikunja unapisha, korido linajivuta mbele ukiwa unakimbia, ulipodhani ni sakafu panageuka shimo inabidi upae (Jesse ana nguvu za ajabu), maadui wanatokea kila kona na we unang'oa kila kilichopo unawarushia, na yote hayo yanaenda na muziki, yani ukivuka chumba na wimbo unavuka. Hauchezi tu kwa nyuma kama wimbo wa daladala. Mi nilijikuta nawahi kupiga ili nisikie kinachofuata, risasi zenyewe nikasahau kuzihesabu. Na ukitoka upande wa pili Jesse mwenyewe anakiri kwamba hiyo ilikuwa kali, mi nipo kwenye kochi nimejifunika blanketi, maana Uyole mwezi wa saba mnaijua, nikamjibu kwa sauti kabisa.

Muundo wake ukiusikiliza vizuri mzee wa dansi atauelewa haraka kuliko kijana wa bongofleva. Unaanza na uimbaji na kiitikio cha kushika, alafu waimbaji wanakaa pembeni magitaa yanachukua uwanja, kama Msondo au Sikinde wanapofika kwenye chemko, pale ambapo mtu aliyekuwa amekaa anaacha soda yake mezani. Nina rafiki anapiga solo kwenye kwaya ya kanisa, nikamwita aje asikilize, akakaa kimya muda mrefu, kilichomkera ni bunduki tu. "Kaka, hao watu si uwaache kwanza wasiuliwe, tusikie solo?" Nikamwambia nikiwaacha wao wataniua mimi. Akaniomba nimwekee wimbo peke yake, akarudisha sehemu ya katikati mara kadhaa huku vidole vinatembea hewani, akasema hawa watu wanajua kupanga vyombo, gitaa moja halimkanyagi mwenzie.

Bendi yenyewe ni kituko. Kwenye gemu wanaitwa Old Gods of Asgard, hiyo ni bendi ya kubuni, wazee wa roki waliotokea kwenye gemu la Alan Wake la 2010. Wanaopiga kweli ni Poets of the Fall wa Helsinki, na hao wamefanya kazi na Remedy, kampuni ya Finland iliyotengeneza Control, tangu gemu la Max Payne 2 mwaka 2003. Ndo maana hausikii ule wimbo ulionunuliwa ukabandikwa, watu wanajuana kitambo. 2023 kwenye Alan Wake 2 walipewa sehemu nzima ya muziki jukwaani, wakaja kuipiga laivu kwenye The Game Awards, zile tuzo za gemu, mwaka huohuo. Ila ukinipa nichague moja nabaki na Take Control, ile nyingine wamecheza na kuchekesha sana, hii inakupiga tu.

Mabaya yapo. Maneno huyasikii, vitu vinavunjika na watu wanapiga kelele, mwimbaji anamezwa. Ukiupeleka kwenye spika ya simu besi inapotea yote unabaki na kelele kama mashine ya kusaga. Na ukiusikia YouTube kabla ya kucheza unajiharibia, utauona ni roki nzuri ya kawaida, kiitikio kikubwa, basi, utashangaa mi nashangilia nini. Hedifoni ni lazima, na uwe umebaki peke yako nyumbani.

Alama zangu, ndani ya gemu tisa kwa kumi, nje ya gemu saba.

Kingine, kipande hiki kwenye hadithi unakipita mara moja tu. Anayetaka kurudia kuna nyongeza ya gemu hilihili inaitwa AWE, iliyotoka 2020, humo kuna mashine za gemu za kizamani na mojawapo inakurudisha kwenye Ashtray Maze na wimbo wake. Mi nyongeza nzima niliichukulia hiyo mashine, hadithi yake haki ya Mungu sijaimaliza mpaka leo.