TAHADHARI: Shokapu kuukuu zilizopakwa rangi zinauzwa Arusha kama mpya

Wakuu, kama una pikapu na uko Arusha au Moshi, soma hii kabla hujamruhusu fundi akuitie "mtu wa spea". Nimepigwa shilingi 680,000 kwa shokapu nne za Hilux Vigo. Hela inauma, lakini kilichonifanya niandike ni kwamba nilikaribia kuwamwaga watu kwenye kona ya vumbi mbele ya Engaruka. Duka silitaji, suala liko polisi na nimeliacha huko. Nataka mjue mchezo unavyochezwa, maana jamaa anabadilisha laini ya simu kila mara ila mchezo wenyewe haubadiliki.

Mimi napeleka vifaa vya kambi Ziwa Natron: mahema, maji, mitungi ya gesi, chakula cha wageni. Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami. Ukikata kulia kuelekea Engaruka unaingia njia ambayo huko mbele imejikunja kama bati la nyumba, kilomita kwa kilomita. Njia ile shokapu hazizeeki, zinapikwa. Wengi hudhani shokapu inabeba mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu inaizuia springi isiendelee kuruka baada ya tairi kupiga tuta. Kila shafti, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu, inapopanda na kushuka, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya valvu, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Kwenye bati lile shafti inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja. Mafuta yakipata moto na kuchanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu, linapita kwenye vitundu kama mlango uko wazi. Ndiyo maana shokapu nyingi za njia mbaya huwekewa gesi ya naitrojeni, inayabana mafuta yasitoe povu. Shikeni hilo la gesi, maana ndipo nilipoibiwa.

Masika ilipoisha, shokapu zangu za nyuma zilikuwa zinatiririsha mafuta. Nikaenda kwa fundi niliyemzoea hapa mjini. Akaingia chini, akatoka, akasema zote nne zimekufa, na kwamba kuna kijana ana mzigo mzuri. Nusu saa haijapita, winga, yaani dalali wa spea, kafika na maboksi manne kwenye bodaboda. Maboksi ya kampuni kubwa ya Japani ambayo siitaji, kwa sababu haihusiki na uhuni huu. Yalikuwa safi, stika zimekaa sawa. "Bosi, hizi OG, mzigo umeshuka juzi kutoka Dar. Ikikusumbua ndani ya mwaka unarudisha, unachukua nyingine." Fundi wangu anatikisa kichwa kukubali.

Nilipoomba lipa namba ya duka, nikaambiwa ina tatizo, nitume kwenye namba ya kawaida. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke ambaye hakuna aliyenieleza ni nani. Risiti ikaandikwa kwa mkono kwenye kitabu kile cha kununua stationari, haina TIN (namba ya mlipakodi) wala jina la duka, kwa madai kwamba mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, ipo matengenezo. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, na nikalipa.

Sasa sikilizeni hili. Kila shokapu ilikuwa imefungwa kamba ya plastiki, shafti imekandamizwa ndani, kama zinavyokuja mpya za gesi. Shokapu ya gesi ukikata kamba, shafti inapanda yenyewe taratibu mpaka mwisho. Fundi akakata ya kwanza. Shafti ikabaki pale pale. Akakata ya pili, ikapanda kama upana wa vidole viwili ikasimama. Nikauliza. Winga akajibu haraka: "Zikipata moto barabarani zitafunguka zenyewe, bosi." Nikamwangalia fundi, naye yuko busy na jeki. Wakuu, hakuna shokapu inayofunguka kwa kupata moto. Ya gesi inafunguka ikiwa baridi, ikiwa sakafuni, hata ikiwa imetoka dukani sasa hivi. Ikikaa chini ni ama ni ya mafuta matupu, basi boksi lisiandike gesi, ama gesi ilishatoka siku nyingi.

Safari ya kwanza ilipita. Ya pili nilikuwa na maji kama lita 600 nyuma, na vijana wawili wa kambi. Tulishaipita Engaruka, mwendo wa kawaida tu, nikaingia kona yenye bati. Nyuma ikaanza kutembea pembeni, tairi zinaruka badala ya kushika chini, usukani naugeuza na gari haisikii. Tulisimama mita chache kutoka ukingo wa korongo, tumeangalia tulikotoka. Kijana mmoja alikuwa amekumbatia dumu, haongei. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Nikalala chini ya gari. Ya nyuma kushoto ilikuwa imelowa mafuta, vumbi limegandia likawa tope. Nikaigusa kwa nyuma ya mkono: baridi. Ya kulia: baridi. Za mbele zina uvuguvugu. Gari imetoka kupiga bati zaidi ya saa nzima na shokapu za nyuma ni baridi kama jiwe la kivulini! Shokapu inayofanya kazi kwenye njia kama ile lazima iwe ya moto, maana kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Kipimo hiki hakina gharama. Ukitoka njia mbaya, simama, pitisha mkono karibu na kila shokapu (usiishike kwa kiganja, nzima inaweza kuunguza), kisha linganisha kushoto na kulia. Ile ambayo ni baridi kuliko mwenzake ndiyo iliyolala. Kile kipimo cha kukandamiza bodi kwa mikono uone inaruka mara ngapi, kwenye gari ndogo ni sawa, lakini nyuma ya pikapu kinadanganya, kwa sababu springi zile za vyuma bapa ni ngumu na zinasuguana zenyewe. Gari tupu itatulia hata kama haina shokapu kabisa.

Kaka yangu yuko Moshi, akanipeleka kwa mzee mmoja aliyetengeneza mabasi maisha yake yote. Mzee alichukua ile iliyovuja, hakuiuliza bei wala boksi. Akachukua kitambaa chenye petroli akasugua sehemu ya chini. Rangi nyeusi ikatoka kama wino. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, kutu iliyopigwa msasa, na namba ya zamani iliyogongwa kwenye chuma ambayo haikufanana na ya kwenye stika. Akaendelea kusugua mpaka akafika penye uvimbe mdogo, mviringo, kama punje ya hindi. "Tia kidole hapo, mwanangu." Nikatia. Ilikuwa weldingi. Shokapu ilitobolewa, ikamiminiwa mafuta, tundu likachomelewa, likapigwa grenda na kupakwa rangi. Mzee akaitoboa tena palepale, na kilichotoka ni oili chafu ya injini, nyeusi na nyepesi, haifiki hata glasi moja. Halafu akanionyesha shafti kwenye mwanga: ilikuwa na mikwaruzo ya msasa inayozunguka. Shafti mpya ni laini kama kioo; ukipitisha ukucha haukwami popote. Yenye vishimo au mikwaruzo inaitafuna sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na ndani ya wiki chache mafuta yako nje.

Tafadhali msijaribu kutoboa au kukata shokapu nyumbani. Yenye gesi kamili, hasa zile za bomba moja (ganda ni moja tu, halina jingine ndani) kama za kampuni ya Bilstein, ina mgandamizo mkubwa na inaweza kukujeruhi vibaya. Mzee alijua ile haina kitu ndani.

Basi mkienda kununua, ombeni zitolewe kwenye boksi mbele yenu, na mzikandamize nyinyi wenyewe. Ya mabomba mawili yenye gesi: inakandamizika kwa nguvu ya mtu mzima, ukiachia inapanda polepole bila kusita. Ya bomba moja ni ngumu sana kuikandamiza kwa mikono, na inarudi kwa nguvu. Ya mafuta matupu inakaa ulipoiacha, hiyo si feki kwa sababu hiyo peke yake, ila isiuzwe kwa bei ya gesi. Ukisikia mahali shafti inateleza bure katikati ya safari yake, isimamishe wima uipampu mara tano hivi. Za mabomba mawili zikilazwa muda mrefu huingiza hewa mahali pasipotakiwa, na ikipampiwa inatoka. Ikiendelea kuteleza, rudisha. Nusa pia. Rangi ya jana inanuka, na mwenye duka akikukataza kukwaruza sehemu isiyoonekana kwa sarafu, ondoka. Weka mbili za ekseli moja, yaani ya mbele kwa ya mbele au ya nyuma kwa ya nyuma, kwenye mizani: zikipishana uzito wakati boksi linasema ni namba moja, una jibu lako. Na ukiambiwa ni "jenyuini Toyota", za mbele za Vigo namba huanza na 48510, za nyuma 48531. Stika ya namba bila mchapo wowote kwenye chuma chenyewe, mimi sasa hivi siichukui.

Kuhusu kuchagua, nitasema kidogo tu, kwa sababu winga alinipata pia hapo. Aliniambia zake ni "hevi diuti" na zitanyanyua nyuma iliyolala. Nyuma ikilala tatizo ni springi, shokapu ya kawaida haitaiinua. Kama umeinua gari kwa inchi 2 unahitaji shokapu ndefu zaidi, zilizotengenezwa kwa kimo hicho; ukiweka za kawaida zitafika mwisho tairi likining'inia na zitang'oka sili mapema. Na kama njia zako ni za mawe yanayorushwa, fikiria kwamba ya bomba moja ikibonyea jiwe likiipiga, pistoni inaweza kukwama, wakati ya mabomba mawili ina ganda la nje linalolinda lile la ndani. Mimi sasa nimefunga za mabomba mawili zenye gesi, kutoka duka lenye risiti ya EFD, na bushi, zile raba za kwenye ncha za shokapu, tumezikaza gari ikiwa imekanyaga chini kwa tairi zake, si ikiwa juu ya jeki. Mzee alilisisitiza hilo: ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi unakaa umejipinda siku zote na unachanika.

La fundi linaniuma kuliko la winga. Nilimfuata. Hakukana. Alisema alipewa cha juu shilingi 60,000 na kwamba hakujua ni za kuchomelea. Kwamba hazikufunguka alikuwa ameona, tuliona wote. Mafundi wengi wa Arusha ni watu waaminifu na wanalisha familia zao kwa jasho, lakini fundi anayepata cha juu kutoka kwa muuzaji hawezi kuwa jicho lako siku hiyo. Nunua mwenyewe, mlipe fundi ufundi wake vizuri.

Polisi swali la kwanza lilikuwa risiti, na ile ya kitabu haikunisaidia sana. Nimepewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya EFD na inakutaka wewe mnunuzi uidai, kwa hiyo anayekuambia mashine mbovu mwambie utarudi ikipona. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko nimeyapeleka huko pia, pamoja na picha za maboksi, stika na ile weldingi. Kama nawe umeuziwa, usitupe boksi, na piga picha kabla fundi hajafungua nati hata moja.

Ile namba ya winga haipatikani tena. Wiki iliyopita kijana wa skrepa alipita kwangu akataka kuzichukua shokapu tatu zilizobaki, akapandisha bei mara mbili bila mimi kumjibu. Nimezifungia stoo na kufuli.