Risasi za .22 za kununua Nairobi kama kazi yako ni shabaha: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kuacha kwa shelfu

Watu wakianza kulenga shabaha na bunduki ya .22 (ile kaliba ndogo, tundu la mtutu ni kama inchi 0.22) swali la kwanza dukani huwa ni moja tu, "hapa ni gani inaenda kasi zaidi?" Na jibu ni rahisi kwa sababu limeandikwa hapo kwa boksi, lakini ukinunua risasi hivo utalipa pesa mingi alafu karatasi yako ikae kama imepigwa mawe. Kasi yenyewe si shida. Shida ni kama risasi ya kwanza na ya kumi kutoka boksi moja zinatoka na kasi moja. Hiyo ndio kitu unanunua, na ndio nimetumia kupanga hii list.

Hii ni ya wenye cheti cha silaha, tusianze kuulizana maswali mengine. Na cheti chako kimeandikwa kaliba na idadi ya risasi unaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, kwa hivyo Nairobi huwezi fanya ile mambo ya watu wa Marekani wa YouTube wenye wananunua za kila kampuni wanaweka kwa gereji wakijaribu polepole. Hapa kila boksi inakula nafasi yako, chagua na akili.

Kitu kingine cha .22 ni kwamba dawa ya kuwashia iko ndani ya ukingo wa ganda, pale chini, si katikati kama kwa .308, ile risasi kubwa ya raifo. Ikishapiga, ganda ni takataka, huwezi kulijaza tena nyumbani ukipima baruti yako mwenyewe. Na baruti yenyewe ni kidogo sana, haifiki hata robo ya gramu, kwa hivyo kiwanda kikikosea kidogo tu kwa kuijaza ama ile dawa ikikosa kuenea sawasawa kwa ukingo, kasi inaruka. Huna namna ya kurekebisha. Unabaki na kuchagua kiwanda tu.

Sasa angalia namba za boksi. Ziko kwa futi kwa sekunde, ugawe kwa 3.28 upate mita. Boksi ikisema 1,070 hiyo ni mita 326 kwa sekunde. Hiyo namba imepimwa na mtutu wao wa kiwandani, si wako. Mtutu wa .22 ukifika kama inchi 16 hadi 18 baruti imeshaisha kusukuma, urefu wa kupita hapo hauongezi kitu, na kwa mitutu mirefu ya mashindano kichwa, yaani ile risi yenyewe inaruka, kinaweza hata kupunguza mwendo kidogo kwa sababu ya msuguano. Kwa hivyo jamaa akikuambia mtutu wake mrefu unapiga .22 kwa kasi zaidi, mwache aongee. Kwa bastola ni kinyume, mtutu ni mfupi, kasi ya kwa boksi hutaiona kamwe.

Alafu kuna sauti. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi kukiwa digrii 12 hivi sauti inasafiri kama mita 338 kwa sekunde, mchana wa digrii 25 inafika kama 346. Risasi ya mita 326 iko chini ya hapo tangu itoke mpaka ifike, safari yake ni tulivu. Risasi ya mita 376 inatoka juu ya sauti, unasikia ule mlio mkali wa "pakaa!" hewani, alafu inaanza kupoteza kasi vibaya sana kwa sababu hewa inaikaba zaidi ikiwa karibu na kasi ya sauti, ni kama matatu ya Thika Road inakimbia kama wazimu mpaka Pangani alafu inakaa jam na wengine. Na kuna kitu watu wengi hawaamini mpaka waone kwa karatasi: upepo ule ule wa pembeni, kwa mita 100, unasukuma hiyo ya kasi zaidi kuliko ile ya polepole. Upepo unafuata ile kasi risasi inapoteza njiani, si muda peke yake imekaa hewani. Kwa hivyo yule ananunua ya kasi eti ndio upepo usimsumbue, anajiongezea upepo.

Haya, list.

Namba moja kwa mtu wa kawaida naweka SK Standard Plus ya Ujerumani. Kichwa ni greni 40, kama gramu 2.6, kasi iko kwa hiyo 1,073 ama hapo hapo. Ni kama ndugu mdogo wa Lapua, kampuni ya risasi za mashindano. Ukishika moja utasikia vidole vinateleza, ile grisi kwa kichwa ni mingi kidogo na inashika vumbi kama uliangusha chini, sasa ukiangusha usiirudishe kwa boksi, iweke kando. Sababu ya kuiweka juu ni kwamba unalipa kidogo zaidi ya risasi ya mazoezi lakini unapata kasi zenye zinakaribiana vizuri.

Na hapo kukaribiana kuna maana gani? Piga hesabu kidogo na mimi. Risasi ya mita 326 ikienda mita 50 inakaa hewani kama sekunde 0.16 na inashuka karibu sentimita 12 na nusu kutoka kwa mstari wa mtutu. Ingine ikitoka polepole na mita 10 tu, itashuka kama milimita 7 au 8 zaidi. Sasa duara la kumi, lile la katikati lenye alama kumi, kwa karatasi ya kimataifa ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4. Umeona? Hujatetemeka, hujavuta kidude vibaya, pumzi iko sawa, na boksi peke yake imekutoa kwa kumi. Ukienda mita 100 hiyo tofauti inakaribia sentimita 3. Ndio maana sijali sana kama boksi inasema 1,050 ama 1,085, hizo unarekebisha kwa kifaa cha kulengea mara moja na umemaliza, lakini boksi yenye inaruka yenyewe ndani huwezi kuirekebisha na skrubu yoyote.

Namba mbili ni CCI Standard Velocity, greni 40, futi 1,070. Hii ndio ya mazoezi ya kila wiki. Kuna boksi itakupendeza na kuna boksi utashangaa hiyo moja ilienda wapi, lakini kwa bei yake sina maneno. Ukiwa unajifunza mkao na kuvuta kidude nunua hii, wacha zingine kwanza, kwa sababu makosa yako bado ni makubwa kuliko ya risasi na ni vizuri kuambiana ukweli.

Namba tatu ni za mashindano, Eley Tenex ya Uingereza na Lapua Center-X. Kwa ubora hizi ndio ziko juu, nimezishusha juu ya pesa. Moja inaweza kula bei ya kadhaa za CCI. Kama unaenda mashindano ya kweli nunua, lakini usinunue jina. Nunua loti, yaani risasi zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja. Geuza boksi ya Tenex utaona namba ya loti na kasi yake hiyo loti imepigwa hapo, sasa kila mtutu uko na loti inaupenda na ingine haupendi hata kama zote ni Tenex na kasi ni ile ile. Omba muuzaji boksi mojamoja za loti tofauti, jaribu, rudi uchukue ile imekubali. Muuzaji akikataa kukuangalizia namba ya loti nenda duka ingine.

Namba nne CCI Mini-Mag, greni 40, futi 1,235, ndio ile ya mita 376 nilikuwa nasema. Kwa shabaha ya mita 50 inashuka chini ya kasi ya sauti karibu tu na karatasi, kwa mita 100 ndio upepo unaichezea. Lakini kuna bunduki za kujipakia zenye zinakataa risasi za polepole, ganda linakwama kila saa, na hizo zinataka nguvu ya Mini-Mag ndio zifanye kazi. Kama yako ni hivo basi hii ndio namba moja yako na usisikize mtu.

Ya tano CCI Quiet-22. Futi 710, mita 216. Iko kimya kweli, majirani wa shamba hawatalalamika, lakini kwa mita 50 inashuka zaidi ya mara mbili ya zile zingine na bunduki nyingi za kujipakia haiwezi kuzisukuma, utakuwa unavuta boliti na mkono kila risasi. Ya kufundishia mtu anaogopa mlio, sawa. Zaidi ya hapo sioni.

Ya mwisho ni Stinger, na najua kuna mtu atakasirika. Futi 1,640, karibu mita 500 kwa sekunde, ndio bingwa wa namba za boksi. Wamefikaje hapo? Kichwa kimepunguzwa mpaka greni 32 na ganda limerefushwa kidogo kupita la .22 ya kawaida. Kichwa chepesi kinapoteza kasi haraka, na lile ganda refu halifai kwa chemba zilizobanwa za bunduki za mashindano, mdomo wake unaweza kufika mpaka mahali michirizi ya mtutu inaanza na presha ikapanda. Kichwa chake chenye tundu ni cha kuwinda wanyama wadogo, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Sasa unainunua ya nini, kupiga karatasi?

Kama hauna kronografu ya kupima kasi, karatasi itakuambia. Chagua asubuhi haina upepo, enda uwanja wa shabaha wa Kirigiti ama kwa klabu yenu, weka bunduki kwa mfuko wa mchanga, piga kumi kwa mita 50 bila kugusa skrubu. Mashimo yakijipanga juu-chini kama mstari, hapo shuku boksi kwanza, kasi inaruka. Yakienda kando kando, hiyo mara nyingi ni upepo ama ni wewe. Na ukibadilisha kampuni usihukumu zile za kwanza, grisi ya kampuni ya zamani bado iko ndani ya mtutu, piga kadhaa za bure kwanza ndio uanze kuhesabu.

Joto pia liko. Baruti ikipata moto inasukuma zaidi, kwa hivyo usiache boksi kwa dashibodi ukiwa unakunywa chai alafu uje ushangae kwa nini zimepanda juu ya alama. Weka kwa kivuli, zote mahali pamoja, zitoke na joto moja.

Na wale wa kushuka Mombasa kushindana, Nairobi tuko karibu mita 1,795 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Kasi ya kutoka kwa mtutu haibadiliki sana juu ya hiyo, lakini njiani huko chini hewa nzito inaivuta risasi zaidi. Kwa mita 50 hutahisi sana, kwa mita 100 utakuta zinaanguka chini kidogo ya pale ulizoea. Fika siku moja mapema, upige za kurekebisha, na ubebe loti ile ile ya nyumbani, usinunue boksi mpya huko.