Miaka mitatu na MGB ya 1971, na kwa nini sasa naliuza

Mlango wa MGB yangu, gari dogo la spoti la Kiingereza lenye viti viwili, uligoma kufunguka. Nilikuwa nimelipiga jeki upande wa kulia, nyuma, nibadilishe tairi, nikakumbuka spana iko ndani kwenye kiti. Nikavuta kitasa, wapi! Nikashusha jeki, mlango ukafunguka kama kawaida. Nikapandisha tena, ukabana. Nikampigia simu mzee mmoja wa mji wa Leicester hapa Uingereza, fundi bodi aliyeanzia kazi Changamwe, Mombasa. Alicheka kwanza, ndipo akauliza, "Mwanangu, siku ya kulinunua uliinama?"

Sikuinama. Lilikuwa jekundu, limeng'arishwa, rimu za spoki zinawaka, paa la turubai jipya. Na jua lilikuwa limetoka, ambalo kwa Uingereza mwezi wa Machi linaweza kukuuzia kitu chochote. Nilifungua swichi nikasikia pampu ya mafuta kule nyuma ikipiga tik-tik-tik mpaka ikashiba, nikavuta choki, injini ikaitika. Aliyeniuzia simtaji. Alinionyesha bahasha nene ya picha za ukarabati, na leo nikizikumbuka, zote zilikuwa za injini. Nikalipa pauni 9,500 palepale.

Sasa, jambo ambalo kila anayetaka MGB ya wazi alijue: gari hili halina chesi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo chesi. Na kwa kuwa halina paa la chuma la kusaidia kubeba, nguvu karibu yote iko kwenye vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Maji yakiingia humo, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kutu inakula kutoka ndani huku nje kunameremeta. Vizingiti vikilegea, ukiliinua kwa jeki gari linapinda, na mlango unabanwa.

Mzee alikuja Jumamosi na sumaku ya friji, ameifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi. Akaibandika juu ya mlango, ikashika. Akashuka nayo taratibu hadi chini, karibu na gurudumu la nyuma, ikadondoka kwenye lami. Akaiokota, akarudia, ikadondoka. "Hapa pana puti tupu, ule udongo wa kuziba mashimo ya bati," akasema. "Hili limepakwa poda." Kukata na kuchomelea vizingiti vyote viwili kulichukua wiki saba na pauni 3,800, na hapo mzee alinihurumia kwenye ufundi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kujua. Hapa gari likishapita miaka 40, na kama halijabadilishwa sana, halilazimiki tena kwenda ukaguzi wa kila mwaka, na kodi ya barabara ni sifuri. Mimi nilishangilia. Kumbe msamaha huohuo ndio unaoficha maradhi. Rekodi za ukaguzi wa nyuma zipo mtandaoni bure, unaingiza namba ya gari tu. Niliziangalia baada ya kulipa: kutu ilikuwa imetajwa mara tatu.

Lakini nisilitukane gari. Likishapona, ni tamu. Injini ni ya cc 1798, kabureta mbili za kampuni ya SU, nguvu farasi 95 hivi zilipotoka kiwandani Abingdon. Si nyingi, Golf ya kawaida ya siku hizi inakuacha kwenye taa. Ila umekaa chini, karibu na lami, mlio wa ekzosi unakufuata, na ukifika gia ya nne unawasha ovadraivu, kama gia ya ziada ya mwendo mrefu, kwa swichi, injini inashusha pumzi. Kwa kilomita 80 kwa saa unajiona mfalme. Na vipuri! Yalitengenezwa zaidi ya laki tano, ukihesabu na yale ya GT yenye paa la chuma, kuanzia 1962 hadi 1980, kwa hiyo karibu kila kitu bado kinauzwa, hata bodi nzima mpya.

Kero zake ni za uzee. Betri ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, kuzifikia ni lazima ulale kifudifudi. Kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele yanageukia, zinataka grisi mara kwa mara, usipozipa usukani unakuwa wa kupigana nao. Petroli natia E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, kwa sababu ethanoli ya E10, inayofika asilimia 10, inakula mipira ya zamani. Mvua ikikukuta paa limefunguliwa, utalowa kwanza.

Kama unachagua, mimi napenda yenye bampa za chuma. Kuanzia mwisho wa 1974, kwa ajili ya sheria za Marekani, yaliwekwa bampa nyeusi za raba na kuinuliwa, na kwenye kona unaihisi ile tofauti. Ila yale ya raba ni ya bei nafuu, na mwili mzima ni bora kuliko sura.

Naliuza kwa sababu viti ni viwili na nyumbani sasa tuko wanne. Naomba pauni 10,000, hesabu ya hasara mnaiona wenyewe. Jana alikuja mama mmoja wa makamo, manyunyu yanamnyeshea. Nikamkaribisha, nikaanza habari za rangi. Hakunisikiliza. Alipiga magoti kwenye maji, akagonga kizingiti kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio. Nikaenda kumletea jeki.