Uzoefu wangu: Kukodi gari na chumba Chania, kisiwani Krete

Tulipopanga mapumziko ya Septemba nchini Ugiriki, tuliamua kukaa Chania, magharibi mwa Krete, badala ya kuhamahama kutoka kisiwa hadi kisiwa, kwa kuwa fukwe za Elafonisi, Balos na Falassarna zote zinafikika kutoka huko na mtu akarudi kulala siku hiyo hiyo. Kutoka Athens tulipanda feri ya usiku katika bandari ya Piraeus, tukashuka Souda, bandari ya Chania, alfajiri, na kwa hiyo hatukulipia hoteli usiku huo.

Gari tulilikodi kwa kampuni ndogo ya wenyeji, ingawa mtandaoni zilikuwapo bei za chini zaidi, maana bei hizo mara nyingi huambatana na dhamana kubwa inayozuiliwa kwenye kadi na bima ambayo, hata ikiitwa kamili, haigusi tairi, vioo wala sehemu ya chini ya gari. Mwenye leseni ya Kenya anahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kwetu hutolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari. Karani alikiomba hata kabla ya pasipoti. Kisha alilizunguka gari pamoja nami, akichutama kwenye kila gurudumu na kupiga picha mikwaruzo ya zamani, jambo lililonituliza kuliko maelezo yote ya mkataba. Alituonya pia tusilipeleke gari Balos, kwa sababu barabara ya mwisho, yapata kilomita 8, ni ya changarawe na bima haifanyi kazi huko. Tulikwenda kwa boti kutoka bandari ya Kissamos, na sikuona tulichokosa.

Huko huendeshwa upande wa kulia, na magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, kwa hiyo anayetaka otomatiki aagize mapema na ajiandae kulipa zaidi. Siku ya kwanza mkono wangu wa kushoto uligonga mlango kila nilipotafuta gia. Kwenye barabara kuu ya kaskazini, madereva husogea hadi pembezoni kabisa ili kuwapisha wenye haraka, na asiyefanya hivyo hufuatwa kwa karibu mno. Njia ya Elafonisi ina lami, lakini ni kona tupu milimani, hivyo ni vyema kuondoka asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii.

Chumba chetu kilikuwa katika mji mkongwe, karibu na bandari ya Waveneti. Kilikuwa safi na mwenyeji alikuwa mkarimu, ila magari hayaingii vichochoroni, kwa hiyo tuliegesha nje na kukokota masanduku juu ya mawe. Zaidi ya bei tuliyolipa mtandaoni, kulikuwa na tozo ya serikali ya kila usiku, inayolipwa papo hapo. Nikirudi nitachukua chumba Nea Chora, mtaa wa jirani wenye ufuo wake, ambako mji mkongwe unafikika kwa miguu. Gari nitalikodi kwa kampuni ile ile: dhamana yangu ilirudi bila kukatwa hata senti.