Mashine ya kukata majani unayoipanda na kuikalia: kiangazi kilivyoizima, na mzee wa Katuba alivyoiamsha

Natunza viwanja vya shule moja hapa Lubumbashi, karibu hekta mbili za majani pamoja na uwanja wa mpira. Zamani tulikuwa watu watano wenye fyekeo na tulimaliza kwa siku nne. Tangu tupate mashine ya kupanda, ile unayoikalia kama trekta dogo, naanza saa mbili asubuhi, saa nane mchana nimemaliza peke yangu. Kwa hiyo ikilala, mimi ndiye ninayeumia.

Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ikapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Moteri ni ya silinda moja, nguvu za farasi 17.5, inakata upana wa sentimita 107 kwa mara moja. Kwa kazi sina lawama nayo.

Tatizo lilikuja wakati wa kuipumzisha. Mvua zetu zinakoma Aprili, na hadi zirudi kama Novemba majani yanakuwa makavu tu, hakuna cha kukata. Mwaka 2023 niliiosha kwa nje, nikaisukuma ndani ya depo ikiwa na esansi, yaani petroli, nusu tangi, nikafunga mlango. Mvua ziliporudi nikageuza ufunguo: ta-ta-ta-ta, basi. Batri imekwisha. Nikaiunganisha na batri ya gari, moteri ikazunguka vizuri, lakini haikushika moto hata kidogo.

Fundi wa kwanza, wa garaji moja ya mjini, aliishika kwa nusu saa, akachomoa hiki na kile, akasema kabureta, ile sehemu inayochanganya esansi na hewa, imekufa, iagizwe nyingine Afrika Kusini, dola 180. Shule haikuwa na pesa hizo, na majani yalikuwa yamefika magotini.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayetengeneza majenereta. Sikuwa na imani kubwa, maana mashine ya namna hii hakuwahi kuigusa. Akaniambia, "Papa, moteri ya jenereta na hii ni ndugu. Nitakuja kuiona." Kesho yake akafika na baiskeli, funguo zake zimefungwa ndani ya kitambaa.

Alianza kwa kunusa tangi. Esansi iliyokaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika, na yetu ilinuka kama vanishi. Kisha akafungua kibakuli cha chini cha kabureta. Ndani mlikuwa na utomvu wa kijani-njano, umeganda kama gundi. Akatoa jigleri, ile shaba ndogo yenye tundu la kupitisha esansi, akaiinua juani, akanipa nitazame. Sikuona mwanga. Akachuna waya wa umeme, akachomoa uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, akaanza kuuingiza polepole. Nikamuuliza kwa nini asitumie sindano. "Sindano ni chuma, itapanua tundu, halafu moteri itakunywa esansi mpaka ikufilisi. Shaba ni laini." Alipoinua tena, nuru ilipita, duara dogo safi kabisa.

Bado haikuwaka. Chini ya kibakuli kuna kifaa cha umeme kinachofungua njia ya esansi ukigeuza ufunguo; fundi wa kwanza alichomoa waya wake, hakuurudisha. Mzee aliurudisha, akaniita nisikilize: tik. Siku hizi, kabla ya kuwasha, nasikiliza kwanza ile tik. Mara ya tatu moteri ikashika, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Nililipa dola 30, pamoja na bujia mpya, yaani plagi ya kutoa cheche.

Namsifu mzee huyu kwa moyo wote, lakini kuna jambo moja alinikosea. Mkanda wa visu ulipokatika Februari, alinifungia mkanda wa gari wa urefu uleule. Haukumaliza wiki mbili: ulikuwa unateleza, unanuka kuungua. Mkanda wa mashine hizi una nyuzi ngumu zaidi, kwa sababu unakazwa na kulegezwa kila unapowasha visu. Wa kweli niliungojea wiki tatu. Nunueni wa akiba mapema.

Visu navinoa mwenyewe kila wiki mbili, maana udongo wa vichuguu vyetu unavila vibaya. Waya wa bujia nauchomoa kwanza, kila mara, hata kama ni kazi ya dakika mbili. Nikimaliza natundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukizama, naupunguza kwa tupa, la sivyo mashine nzima inatetemeka.

Sasa kila Mei naondoa esansi, natia kwenye jenereta ya shule, halafu naiacha moteri inguruke mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Mafuta ya moteri nabadilisha kabla ya kuilaza, wala si baada, kwa sababu mafuta machafu yana asidi inayokula chuma miezi yote hiyo. Chini, kwenye kifuniko cha visu, majani mabichi yanaganda na kuleta kutu. Nayakwangua kwa mwiko wa zamani wa bukari, yaani ugali. Batri naitoa, nikianza na waya wa hasi, nailaza juu ya ubao nyumbani na kuichaji mara moja kwa mwezi, siku umeme ukiwepo. Mashine yenyewe naifunika kwa shuka la pamba. Plastiki inafungia unyevu.

Panya ndio bado wananisumbua. Mwaka jana walijenga kiota chini ya kifuniko cha moteri, juu ya mapezi yanayopoza silinda, na wakatafuna waya mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mara ya kwanza nafungua kile kifuniko, boliti nne tu, na kuondoa nyasi zao kwa mkono. Ukiwasha bila kufanya hivyo, hewa haipiti na silinda inaungua.

Novemba iliyopita iliwaka nilipogeuza ufunguo mara ya pili tu.