Ukizunguka Kilimanjaro na Meru kwa gari lako, ulale kijiji gani? Chaguo sita, kuanzia lililo bora

Wengi wakipanga likizo ya Moshi au Arusha kwa gari lao huanza na picha: kibaraza kinachotazama Kibo (kilele cha Kilimanjaro), migomba, kikombe cha kahawa, anga isiyo na wingu. Wanalipia siku nne. Siku ya pili wanagundua kwamba kila wakitaka kwenda mahali inabidi washuke mlima mzima hadi barabara kuu, na jioni waupande tena gizani, nyuma ya fuso lililojaa ndizi.

Tatizo hili limetokana na ardhi yenyewe. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo ya mito inayoshuka kutoka msituni, Weruweru na Karanga ikiwemo, na barabara zimepita juu ya migongo iliyobaki katikati. Zinapanda kutoka barabara kuu kama meno ya chanuo, na nyingi zinaishia huko huko juu. Kwenye ramani Kibosho na Uru zinapakana. Kwa gari, mara nyingi ni nafuu kushuka mpaka Moshi mjini kisha kupanda upya. Njia za kukatiza zipo, lakini nyingi ni za udongo, ni nyembamba, na mvua ikinyesha huwa ni za bodaboda na wenye roho ngumu.

Kwa hiyo nimepanga vijiji hivi kwa kutanguliza kigezo kimoja: ukitoka getini asubuhi, una njia ngapi za kwenda? Chakula, hali ya hewa na mandhari vimefuata. Kuhusu mlima, fahamu kwamba Kibo hupenda kuonekana alfajiri na jioni. Mchana hujifunika mawingu, hata uwe umelipia chumba cha bei gani.

Nimechukulia kwamba una gari la kawaida, IST, Noah au RAV4, na una siku nne hadi wiki moja. Mwenye Prado anaweza kuipandisha namba nne ngazi moja.

1. Marangu Mtoni

Marangu inashinda kwa sababu barabara yake haiishii hapo. Anayetoka Dar hana haja hata ya kuingia Moshi: anafika Njiapanda ya Himo, anapinda kulia, anapita Himo mjini na kupanda kwa lami hadi Marangu Mtoni. Hapo lami inagawanyika. Upande mmoja unapanda kwenye geti la hifadhi, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880. Upande wa pili unaelekea Mwika na kuingia Rombo hadi Mkuu na Tarakea, mpakani na Kenya. Ukishuka tena Himo una njia tatu: Moshi na Arusha, Holili, au Mwanga na Same.

Hebu tuhesabu siku. Siku ya kwanza pumzika, tembea kwa miguu hadi maporomoko ya Kinukamori, ule mtori. Siku ya pili nenda Rombo taratibu, ukisimama kwenye masoko ya ndizi. Hiyo ni barabara ya kuendesha kwa raha, kona juu ya kona, migomba kushoto na uwanda wa Kenya ukifunguka kulia kwa chini. Siku ya tatu nenda Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta na kugawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Kipande cha mwisho ni vumbi, na kushuka majini ni kwa miguu tena mteremko ni mkali, kwa hiyo bibi na babu wabaki juu na thamosi ya chai. Siku ya nne, Same na Hifadhi ya Mkomazi wanakotunzwa faru weusi. Ni mwendo mrefu, lakini unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukiondoka mapema.

Na wenyeji wana simulizi za kukusimulia. Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu, anakumbukwa hapa kama kiongozi aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kileleni, kupanda mlima mwaka 1889. Ukiwa na muda, ingia kwenye makumbusho ya Wachaga uone nyumba ya msonge na habari za mahandaki walimojificha watu na mifugo nyakati za vita.

Kasoro ya Marangu ni baridi na ukungu. Juni na Julai usije na fulana peke yake. Malazi pia yamelenga wapanda mlima wa kigeni, kwa hiyo bei unayotajiwa kwanza inaweza kuwa ya mgeni wa nje. Uliza bei ya mkazi, waziwazi, kabla ya jambo lolote. Gesti ndogo na hosteli za kanisa zipo, na nyingi ni safi kuliko zinavyoonekana kwa nje.

2. Usa River na Tengeru

Kwa familia yenye watoto wadogo, hapa ningeweka namba moja bila kusita. Umekaa kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, una hospitali karibu, sheli kila upande, na Uwanja wa KIA uko jirani ikiwa kuna shangazi anayekuja kwa ndege.

Njia zinatoka pande nyingi. Kaskazini unapanda kwenda Hifadhi ya Arusha, kwenye kreta ya Ngurdoto unayoitazama ukiwa ukingoni, na maziwa ya Momella yenye flamingo. Wakati wa kiangazi gari lenye kimo kama RAV4 linatosha. Kumbuka kwamba getini hawapokei noti, malipo ni ya kielektroniki, kwa hiyo weka salio kwenye simu au kadi kabla hujafika. Ukiendelea na barabara hiyo ya Momella unatokea Ngarenanyuki, upande mkavu wa Mlima Meru. Ndiko Wameru walikoondolewa kwa nguvu mwaka 1951 kupisha mashamba ya walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ukiiona ardhi ile kwa macho unaelewa walichokuwa wanakipigania.

Kwa siku ya uvivu kuna Ziwa Duluti, dogo, lenye msitu wa kuzunguka kwa miguu, na soko la Tengeru, ambalo Jumamosi hufurika. Kuna pia makaburi ya wakimbizi wa Poland waliohifadhiwa Tengeru kuanzia mwaka 1942, sehemu tulivu ambayo hata wakazi wengi wa Arusha hawajawahi kufika. Chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi huziita Chemka, unazifikia kupitia Boma Ng'ombe. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Wikiendi muziki wa spika unashindana na maji.

Ila chagua chumba kwa uangalifu. Malori hupita usiku kucha, na nyumba ya wageni iliyo mita hamsini kutoka lami itakukumbusha hilo kila saa. Tafuta iliyopanda kidogo kuelekea Nkoaranga au barabara ya Momella.

3. Mto wa Mbu

Huyu ni mshindi wa safari ya magharibi. Iko kama kilomita 115 kutoka Arusha kupitia Makuyuni, lami mwanzo hadi mwisho, na imekaa katikati ya mambo: geti la Hifadhi ya Ziwa Manyara liko pale pale, Tarangire unaifikia kwa kurudi Makuyuni na kushika njia ya Babati, na Karatu iko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kupanda ukuta huo kwa gari, na kusimama juu kulitazama ziwa, kunatosha kuwa sababu ya safari.

Usijidanganye kuhusu Ngorongoro. Kushuka ndani ya kreta kunahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, hivyo mwenye IST akodishe gari la huko kwa siku hiyo. Engaruka, yenye magofu ya mawe na mifereji ya kale ya umwagiliaji, iko kaskazini kwa njia ya vumbi. Kiangazi sawa, masika hapana.

Kijiji chenyewe kina mpunga, ndizi nyekundu na joto. Lala ndani ya chandarua na uulize kama feni inafanya kazi umeme ukikatika.

4. Sanya Juu

Wanaoipenda wanaipenda mno. Lami inapanda kutoka Boma Ng'ombe, na ukifika juu unaona Kibo upande mmoja na Meru upande wa pili, na katikati mashamba makubwa yasiyokatwa na migomba. Ni mahali pa kuendesha bila kukutana na mtu. Ukiendelea kaskazini unaingia nchi ya Wamaasai, na tembo hupita kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Ndiyo maana saa kumi na moja jioni ukiwa huko uwe umeshageuza gari kurudi. Malazi ni machache, vumbi ni jingi, na mafuta jaza Boma Ng'ombe.

Wanaotaka kuuzunguka mlima wote hupita hapa kwenda Kamwanga na kutokea Tarakea. Waulize madereva wa Noah za abiria wa Sanya Juu hali ya njia siku hiyo hiyo. Ramani ya simu haijui mvua ya jana.

5. Machame au Materuni

Nzuri kwa kulala usiku mmoja, mbovu kwa wiki. Machame ina lami hadi juu, hewa safi na kahawa, kisha barabara inakwisha kwenye geti la hifadhi. Materuni ina maporomoko yenye urefu wa kama mita 80 na wenyeji watakaokukaangia kahawa mbele yako, lakini kipande cha juu ni mteremko unaoteleza. Zote mbili zitembelee kwa siku moja ukitokea kwingine. Ukiwa upande huo, pita Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa huko, mwaka 1900.

6. Usangi, milima ya Upare

Nimeiweka mwisho kwa sababu ya kona zake. Unapanda kutoka Mwanga, na njiani bwawa la Nyumba ya Mungu linaonekana chini kabisa. Juu ni baridi, misitu, na ukimya ambao Marangu imeshaupoteza. Dereva anayejua kushuka kwa gia na kupumzisha breki ataiona kuwa bora kuliko zote. Anayeshuka mlima mguu ukiwa juu ya breki muda wote, abaki Marangu.

Wakati wa kuja, na pesa

Epuka Machi hadi Mei, isipokuwa kama umepanga kubaki kwenye lami tu. Januari, Februari na Juni hadi Oktoba ndiyo miezi salama zaidi. Desemba ni habari nyingine: Wachaga wanarudi nyumbani, na kuanzia katikati ya mwezi barabara ya Dar hadi Moshi hujaa magari, vyumba hupanda bei, na Marangu foleni huwa ndefu kuliko ya mjini. Kwa upande mwingine, huo ndio wakati kisusio (supu ya mbuzi yenye damu) na mbege (pombe ya ndizi) havikosekani. Mwisho wa Februari uangalie tarehe za mbio za Kilimanjaro, maana Moshi vitanda huisha.

Tenga fungu la tochi za trafiki, zile za kupima mwendo. Ndani ya vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, vibao viko karibu karibu, na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani ya gari. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi ukiondoka Jumanne ya kuamkia siku hiyo, angalia kwanza kama kuna tetesi za kupanda au kushuka.

Kabla hujatuma pesa ya kushikia chumba, omba video ya barabara ya kutoka lami hadi getini. Picha ya kitanda utaiona baadaye. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kichwa, kama chai ya asubuhi imo, kama gari linalala ndani ya uzio, na kama maji ya moto yanategemea umeme. Ukijibiwa "gari yoyote inafika", ongeza swali: mara ya mwisho mvua iliponyesha, gari gani lilifika? Akikutajia Land Cruiser na wewe unakuja na IST, mshukuru na upige namba inayofuata.