Uzoefu wangu makumbusho ya Livingstone Ujiji: nilienda kumsindikiza mjomba, nikakuta stori za sokoni

Mi ni mtu wa Kigoma kabisa, nauza mawese na dagaa, na miaka yote hiyo sikuwahi kuingia makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, napita tu na bajaji nikienda kwa bibi basi. Nilijua ni habari za wazungu wawili, Livingstone mmisionari na msafiri, na Stanley mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, walisalimiana chini ya mwembe, imeisha. Jumamosi mjomba wangu akaja na treni toka Tabora, akaniambia mama mi huku mwisho wa reli nimefika mara nyingi ila Ujiji hujanipeleka hata siku moja. Nikaona aibu kidogo, tukaenda.

Kufika hakuna shida, unapanda gari za Ujiji au bajaji pale Mwanga unasema tu Livingstone, kila dereva anapajua. Kiingilio tulilipa na hakikuniumiza. Tulipokelewa na kaka mmoja anayeongoza wageni, akamsalimia mjomba shikamoo vizuri, akatuuliza tunataka maelezo marefu au mafupi, mjomba akasema marefu, na kwa kweli tulipewa marefu.

Tulianzia nje. Kuna miembe mikubwa, kivuli kizito, chini majani makavu yanalia ukikanyaga, na kuna mnara wa jiwe wa kumbukumbu. Ule mwembe wenyewe wa siku ile haupo tena, hii iliyopo ni kizazi chake. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa mbona ziwa liko kule mbali, maana picha za zamani zinaonyesha Ujiji ni mji wa pwani ya ziwa kabisa mitumbwi imeegeshwa. Kumbe miaka ile maji ya Tanganyika yalikuwa juu sana, yakaendelea kupanda mpaka kama 1878, alafu mto Lukuga upande wa Kongo ukafunguka maji yakaanza kutoka kwa nguvu na ziwa likashuka mita kadhaa. Yaani ninapopita na bajaji sa hivi zamani ningekuwa nalowa. Hiyo peke yake ilinifanya nitulie nisikilize.

Ndani kuna yale masanamu makubwa ya Livingstone na Stanley wanasalimiana, hapo ndo watu wote wanapiga picha, na sisi tulipiga, mjomba katikati. Lakini nikwambie ukweli, kama wewe ni mfanyabiashara usiishie kwenye picha. Uliza habari za biashara. Mi nilipouliza watu wa zamani walikuwa wanauza nini hapa Ujiji na kwa hela gani, mambo yakabadilika kabisa.

Soko la Ujiji wakati ule lilikuwa linauza vitu ambavyo mi navijua vyote. Chumvi toka Uvinza, ile chumvi watu wanaichemsha toka kwenye chemchemi zake zaidi ya miaka elfu moja sasa. Samaki wakavu. Mawese. Juu yake sasa pembe za ndovu na watu, hilo nitalifikia. Hela ilikuwa ushanga, ila sio ushanga wowote, hapa Ujiji walikuwa wanautaka unaitwa sofi, vipande vifupi kama vya mrija wa kiko uliovunjika, ukija na ushanga wa aina nyingine inabidi ubadilishe kwanza ndo uingie sokoni. Nikamwambia mjomba ni kama mtu anakuja na faranga za Kongo pale mwalo wa Kibirizi anataka dagaa, lazima apite kwanza kwa wabadilisha hela. Mjomba akacheka akasema basi hiyo kazi nayo ni ya siku nyingi.

Na nguo. Kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani, mji wa Salem ndo ulikuwa unaleta sana Zanzibar, ndo maana mpaka leo bibi zetu wanakiita amerikani. Kilipimwa kwa doti. Mi nanunua vitenge kwa doti kila mwezi na sikuwahi kuwaza kwamba neno hilo limetembea na misafara toka Bagamoyo, kama kilomita 1,200, kwa miguu, kupita Tabora mpaka hapa. Alafu hongo! Sisi leo hongo ni kitu kibaya cha kuficha, zamani ilikuwa ushuru halali kabisa, unapita kwenye nchi ya mtu unamlipa mtemi wake. Wazee wetu Waha walikuwa hawana utani kwenye hilo, Stanley alilipishwa doti nyingi alipoingia Uha, akaona akiendelea hivo atafika Ujiji mikono mitupu, akatafuta mtu wa kumtorosha usiku kwenye majani akapita kimya kimya. Mjomba alilipenda hilo sana, akasema kumbe wenye mizigo kukwepa ushuru hawajaanza leo.

Sasa kitu ambacho mpaka leo nakifikiria ni ile chupa. Ni stori ameiandika Stanley mwenyewe. Walipokaa siku ile barazani kwa Livingstone majirani wakaanza kuleta chakula, mmoja kaleta kuku wa mchuzi wa bizari, mwingine nyama ya mbuzi na wali, Waarabu wa Ujiji, kila mtu toka kwake (na hiyo ndo Ujiji mpaka leo, kwa bibi mgeni akifika kabla hajakaa vizuri tayari kuna sahani imefunikwa kawa imetoka nyumba ya pili). Wakala. Alafu Stanley akamwagiza Selim, kijana wake mkalimani, Mwarabu Mkristo wa Jerusalem, alete chupa aliyokuwa kaitunza kwa ajili ya siku hiyo na vikombe vya fedha. Ilikuwa shampeni ya Sillery, hicho ni kijiji huko Champagne Ufaransa. Wakanywa.

Hebu ifikirie kama mzigo, mi nimeshindwa kuiwaza vingine. Chupa ya glasi, ina gesi ndani, imetoka Ufaransa ikavuka bahari, Stanley katoka Bagamoyo Machi 21 mwaka huo huo, njiani kakuta vita ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora ikabidi azunguke kusini, mto Malagarasi punda wake mmoja akakamatwa na mamba wakati wa kuvuka, miezi karibu minane jua na mvua, na chupa haikupasuka. Mi nikisafirisha mawese toka hapa mpaka Kasulu na barabara ya lami bado dumu moja linaweza kuvuja. Ile chupa ilifika kwa sababu kuna mtu aliibeba kwa uangalifu, na hapo ndo nikauliza wapagazi walikuwa wanabeba kiasi gani.

Kama frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo mbili ni kama kilo 32. Nikapiga hesabu pale pale, dumu langu la lita 20 la mawese ni kama kilo 18, kwa hiyo mpagazi alikuwa anatembea na pungufu kidogo ya madumu mawili, begani, miezi. Mi nimewahi kubeba dumu moja toka mwaloni mpaka barabarani siku mkokoteni umekosekana, bega lilivimba, kamba ilinichora mstari mwekundu hapa karibu na shingo ukakaa siku tatu. Na Wanyamwezi hiyo ndo ilikuwa kazi yao wanayojivunia, kijana alikuwa anaenda pwani na kurudi ndo anahesabika mwanaume. Mjomba ni Mnyamwezi upande wa baba yake, alinyamaza kidogo akasema babu yake mzaa baba alikuwa anasimuliwa habari hizo akiwa mtoto. Hakusema zaidi na sikumuuliza.

Sehemu ya biashara ya watumwa ni nzito na nashukuru yule kaka hakuipitisha fasta. Ujiji ilikuwa kituo, watu walikamatwa ng'ambo ya ziwa huko Manyema, Kongo ya sasa, wanavushwa na mitumbwi, wanapumzishwa hapa alafu safari ya pwani. Mama yangu ni Mmanyema. Ujiji Wamanyema tupo wengi na tunajua tumetoka ng'ambo, ila nyumbani watu hawapendi kusimulia tulivushwaje.

Hapo ndo nikasikia habari ya Nyangwe. Ni mji wa soko kwenye mto Lualaba huko huko Manyema, Livingstone alikuwepo. Tarehe 15 Julai 1871 soko limejaa, wengi wao wanawake wameleta bidhaa zao, watu wa wafanyabiashara wakaanza kupiga risasi katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mtoni kwenye mitumbwi, mitumbwi ikazidiwa, wengi wakazama. Waliokufa ni mamia. Livingstone aliandika yote aliyoyaona, akaondoka pale akarudi Ujiji amechoka na mgonjwa, akakuta bidhaa zake alizotumiwa toka Zanzibar aliyekabidhiwa kazimaliza kwa kununulia pembe. Ndo hali Stanley alimkuta nayo. Na maandishi yale ya Nyangwe yalipofika Uingereza yaliwachochea watu sana, na Juni 1873 soko la watumwa Zanzibar likafungwa. Livingstone hakuliona, alikuwa ameshakufa mwezi mmoja kabla, Mei, huko Zambia ya sasa.

Mi nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Wale walikuwa wanawake wa sokoni. Wameamka alfajiri, wamebeba vitu vyao, wana watu wanaowadai na wana madeni yao, wamefika wamepanga mafungu. Najua kabisa asubuhi ya soko inavyokuwa. Yule kaka akanifuata akaniuliza dada uko sawa, nikamwambia niko sawa, mama yangu ametokea huko. Akasema pole dada. Akaniacha nikae.

Mjomba alinilinganishia na lile tembe la Kwihara kwao Tabora, nyumba ambayo Stanley na Livingstone walifikia 1872 walipotoka hapa, Stanley akaondoka Machi na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Anasema kule raha yake ni nyumba yenyewe, kuta za udongo nene, unaingia ndani ubaridi unakupokea. Hapa Ujiji raha yake ni pale penyewe na maelezo. Ningekuwa na uwezo ningepaona pote kwa safari moja, na treni ipo inapita, kwa hiyo mwenye likizo afanye hivo, aanze Tabora aishie huku.

Ushauri wangu, nenda asubuhi kabla jua halijakolea, tenga masaa mawili, ukienda nusu saa utaona masanamu tu utatoka unasema hamna kitu. Omba maelezo marefu na uulize maswali ya kazi yako mwenyewe, kama ni fundi uliza ya mafundi, kama ni dereva uliza ya njia. Watoto wapeleke ila wale wa darasa la nne kwenda juu, stori ya Nyangwe ni nzito kwa wadogo. Wazee wapelekeni pia maana wanajua vitu, mjomba wangu alikuwa anaongezea maelezo na yule kaka anasikiliza.

Tulivyotoka tukapita kwa bibi, tukamkuta anachambua dagaa. Mjomba akamsimulia ile chupa. Bibi akauliza chupa yenyewe walienda kuitupa wapi, maana chupa nzuri enzi hizo ungeweka mafuta ya taa. Nikasema sijui bibi, nitaenda kuuliza. Alafu nikamuuliza mimi sasa, bibi, sisi mama yako na bibi yako walivuka ziwa wametokea kijiji gani? Akaendelea kuchambua kwanza. Baadae akasema sogeza kigoda hapa ukae.